Meli Iliyokwama Tosamaganga

Uyole, Mbeya
9 Septemba 1973

Kaka yangu Lutengano,

Ndaga, kaka. Namshukuru Mungu aliyekuweka hai mpaka karatasi hii ikakufikia, na mimi akanipa nguvu za kushika kalamu baada ya kazi. Hapa kwetu tunaamka wote. Mvua bado, na vumbi la barabara kuu linatuingia mpaka kwenye chungu cha maziwa. Viazi vya konde la chini tumevuna, si haba. Yule ng'ombe mwenye baka jeupe amezaa ndama jike, Mama amempa jina la shangazi yetu mgomvi kwa sababu ya mateke. Kanisani tumepata mchungaji mpya, kijana bado, anahubiri kwa sauti kubwa lakini hachoshi. Mama hajambo. Kikohozi chake cha baridi kinakuja na kuondoka. Macho ndiyo siku hizi hayamwonyeshi mtu mpaka huyo mtu aseme.

Sasa kaka, kuna jambo. Ezekia, mtoto wa baba mdogo, anayeendesha lori la mbao kutoka Mufindi, alipita kwetu wiki iliyopita. Kabla hajakaa akasema, "Dada Tupokigwe, kaka yupo hospitali Tosamaganga."

Nikamwuliza, "Anaumwa nini?"

"Mkono. Msumeno ulimgusa."

"Ulimgusaje?"

Ezekia akaangalia kuku. Halafu akaomba maji. Halafu akasema, "Lakini ana nguvu, dada. Nimemkuta mezani anacheza."

"Anacheza nini?"

"Vitofali vya watoto. Vya plastiki. Anajenga meli."

Kaka, wewe una miaka arobaini na sita! Tangu ufiwe na mkeo ukaenda huko Mufindi kwenye mashine ya mbao, nimekuombea usianguke kwenye pombe. Vitofali sikuviombea. Nikadhani Ezekia ananitania. Mama alikuwa ndani, akasikia, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Alipopata pumzi akasema, "Lutengano alipokuwa mdogo hakupata nafasi ya kucheza. Mwache acheze."

Lakini mimi sicheki. Mbona habari zako tunazisikia kwa dereva? Andika mwenyewe, kwa mkono wako. Sema umeumiaje na unarudi lini. Na huko kwa Wakatoliki salamu zao uwape, ila usije ukarudi na rozari shingoni, mzee wa kanisa atanikalia kikao.

Ni mimi mdogo wako,
Tupokigwe

*

Hospitali ya Misheni, Tosamaganga
2 Oktoba 1973

Mdogo wangu Tupokigwe,

Amani ikae kwenye paa lako na chini yake. Barua yako imefika, nimeisoma mara nyingi, na ndama nimemcheka. Mimi sijambo. Hapa ni baridi, asubuhi ukungu unapanda kutoka bondeni mpaka dirishani, unaweza kudhani uko kwetu. Watu wa hapa ni Wahehe, ukikutana nao wanakusalimu "kamwene" mpaka mdomo unachoka kuitikia. Chakula kipo. Rozari sijapewa.

Mkono ni kidonda kidogo tu. Usimsumbue Mama na maneno ya kidonda. Mwandiko huu unapanda na kushuka kwa sababu kalamu ya hapa ni mbovu.

Kuhusu vitofali, Ezekia hakudanganya. Ni vipande vidogo vya plastiki vilivyotumwa kutoka Ulaya ndani ya sanduku la nguo za msaada. Kila kipande kina vinundu juu na matundu chini. Ukikikandamiza juu ya kingine vinashikana, havihitaji udongo wala saruji. Sista Tekla, ambaye ndiye anayetufanyisha mazoezi sisi tulioumia mikono na miguu, alivimwaga mbele yangu siku ya kwanza akaniambia nijenge. Nikamwuliza, "Sista, unanionaje? Mimi ni mjukuu wako?" Akasema, "Baba Lutengano, vidole vyako vimelala. Mimi siwezi kuvipigia kelele. Jenga."

Nikajenga nyumba. Akasema nyumba ni rahisi mno. Ndipo mzee Padre Bartolomeo, Mtaliano, akaleta kitabu chenye picha ya meli. Ni meli ya kweli. Watu waliipanda miaka sitini iliyopita kwenda kutafuta mwisho wa dunia upande wa kusini, ambako bahari yenyewe huganda. Ina milingoti mitatu na bomba la moshi. Padre anasema jina lake la Kiingereza maana yake ni Uvumilivu. Meli ilifika kwenye bahari ya barafu, barafu ikaishika pande zote, ikakaa hivyo miezi na miezi, haiendi mbele hairudi nyuma.

Basi ndiyo naijenga, kwa kuangalia picha. Vitofali vyeusi havipo, kwa hiyo yangu ni nyekundu na nyeupe. Sista ameweka sharti: siku nitakapousimamisha mlingoti wa tatu kwa mkono wa kulia peke yake, siku hiyo nitapewa ruhusa ya kwenda kwetu. Nadhani kabla ya Krismasi nitakuwa nimefika.

Mwambie Mama ninakula.

Kaka yako,
Lutengano

*

Uyole, Mbeya
18 Novemba 1973

Kaka Lutengano,

Salamu za wote hapa, wakubwa kwa wadogo, hata za Juliana jirani yangu ambaye sasa anajiita fundi cherehani baada ya kushona magauni mawili. Mvua imeanza vizuri. Mahindi tumepanda konde la juu, la chini bado linakusubiri wewe. Kibarua niliyemweka kulima alikuwa analima mstari mmoja na kuongea mistari kumi. Mama alimsikiliza kutoka ndani akasema, "Huyo jembe lake linagusa ardhi kwa adabu. Lutengano angekuwa amemaliza na ameoga." Unajua mwenyewe anavyojivunia mkono wako. Na kijiji chote ndivyo.

Barua yako nilimsomea. Siku hizi ana sharti lake naye, kama Sista wako. Ananiambia, "Soma yote, usiruke," kwa sababu aliwahi kunikamata nikiruka. Nikasoma habari ya meli mpaka mwisho.  Halafu maswali yakaanza, nayo ni haya, nijibie maana hanipi usingizi:

Hao watu walikwenda kutafuta nini mahali ambapo hakuna kinachoota? Walikuwa wamefukuzwa kwao? Mama zao walijua? Bahari inagandaje, kama mafuta ya ng'ombe kwenye kibuyu au kama umande wa Juni juu ya majani ya viazi? Na mwisho wao ulikuwaje?

Nikamwambia Mama, sasa mimi najua? Akasema, "Mwulize mwenye meli."

Na mimi nina swali langu. Kaka, kalamu mbovu hutia madoa, haipindishi herufi. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, kwa kijiti, kwenye majivu. Herufi zako nazijua. Hii barua imeandikwa na nani?

Mama hajambo. Anapenda kukaa ndani kuliko nje sasa, kwa sababu ya baridi. Anasema ukija ndiyo atatoka.

Mdogo wako,
Tupokigwe

*

Tosamaganga
6 Januari 1974

Mdogo wangu,

Mwaka mpya uwakute mkiwa na nguvu. Najua mlikuwa mnaangalia barabara siku ya Krismasi. Nisamehe. Meli haijaisha. Sehemu ya mbele inayochongoka ndiyo imenitesa, kwa sababu vitofali ni vya pembe nne na meli haina pembe hata moja. Unasogeza kitofali nusu, unaongeza kingine nusu, mpaka jicho lidanganyike. Tanga nimekata kwenye bandeji safi aliyonipa Sista. Wagonjwa wenzangu sasa wote ni mabaharia. Didas wa kitanda cha pili, Mbena wa Njombe aliyevunjika mguu, kila asubuhi ananiuliza, "Nahodha, barafu imetuachia?" Namjibu, "Bado." Anasema, "Basi niletee uji humu humu melini."

Mwambie Mama hivi. Hawakufukuzwa kwao, walikwenda kwa hiari. Bahari inaganda ngumu kama jiwe, mtu anatembea juu yake. Mwishowe barafu iliibana meli mpaka mbao zikalia, wakashuka, ikavunjika, ikazama wakiiangalia. Lakini watu wenyewe, wote waliokuwa ndani ya ile meli, walirudi makwao hai. Padre alinionyesha majina. Walikaa juu ya barafu, wakapanda mashua, wakafika kwenye kisiwa cha mawe, wakasubiri huko mpaka mkuu wao alipopata meli nyingine ya kuwachukua. Walikuwa na mbwa pia wa kuvuta mizigo.

Mwandiko ni wangu. Herufi nazo huzeeka.

Nikiona dalili ya kuruhusiwa nitakuandikia. Konde la chini mpe mtu alime, msilisubiri.

Kaka yako,
Lutengano

*

Uyole, Mbeya
3 Februari 1974

Kaka,

Wote wapo. Mvua ni nyingi, daraja la kwenda mashine ya kusaga limesombwa, tunatwanga.

Habari ya watu wale kurudi hai Mama aliipokea kwa kupiga makofi. Kisha akauliza, "Na mbwa?" Nikasoma tena, nikamwambia hakuandika. Akasema, "Hajaandika maana yake anajua."

Umeandika kwamba konde la chini tumpe mtu. Maneno hayo sikumsomea Mama. Nimeruka, Mungu anisamehe. Kaka, tangu lini wewe unampa mtu konde lako? Kama kuna mwanamke huko Iringa, sema, hatutakula mtu. Kama kuna kitu kingine, sema. Mama ananiuliza kila jioni, "Meli imefika wapi?" Nachoka kubuni bahari.

Yeye anapumzika sana siku hizi. Ukiweza kuja, uje tu, meli uimalize ukirudi huko.

Tupokigwe

*

TELEGRAMU
Mbeya, 4 Machi 1974

LUTENGANO HOSPITALI TOSAMAGANGA IRINGA
MAMA ANAUMWA SANA NJOO
TUPOKIGWE

*

Tosamaganga
9 Machi 1974

Mdogo wangu Tupokigwe,

Pole. Pole, mdogo wangu. Pole kwa kuondokewa na Mama yetu, tena ukiwa peke yako.

Siku telegramu ilipofika mimi nilikuwa nimelazwa kwenye chumba cha upasuaji, kwa mara ya pili. Sista Tekla aliiweka mpaka nilipopata fahamu vizuri, akaniletea Alhamisi. Nilisoma neno la kwanza na la mwisho nikajua. Didas aliniomba nimsomee, nikamsomea, akavua kofia. Akasema, "Pole, nahodha. Wakiandika 'sana', basi." Ndivyo ilivyo kwao na ndivyo ilivyo kwetu. Hakuna anayemwandikia mtu wa mbali kwamba fulani amekufa, karatasi haibebi neno hilo. Unaandika anaumwa sana, njoo, na aliye mbali anaelewa, anafunga mzigo. Ndivyo tulivyoitwa kwa baba mkubwa. Ndivyo mimi mwenyewe nilivyokuita wewe kwa mke wangu.

Nikahesabu, nikaona mmekwisha mzika. Daktari anasema nikitoka kitandani sasa kidonda kitafumuka. Basi nimelia hapa hapa, na Padre amemwombea Mama katika misa yake ya asubuhi, usikasirike, sala ni sala. Daktari akinipa ruhusa nitakuja kwenye kumaliza matanga. Msimalize bila mimi.

Sasa sina wa kumficha. Msumeno ulichukua vidole viwili vya mkono wa kulia, cha mwisho na kinachofuata, na cha kati hakikunji. Aliyekosea ni mimi, nilisukuma ubao nikiwaza mambo mengine. Ndiyo maana herufi zimepinda. Wiki hii walifungua tena kuondoa mfupa uliokuwa unaoza.

Na meli niliimaliza, Tupokigwe. Niliimaliza mwezi wa kwanza, siku chache baada ya kukuandikia. Mlingoti wa tatu niliusimamisha kwa mkono wa kulia peke yake, kulikuwa na jua dirishani na hakuna mtu aliyekuwa ananiangalia. Nikaitazama. Nikafikiri, kesho Sista ataiona, ataniambia nenda. Nitafika Uyole, Mama ataniambia konde la chini linakusubiri, nami nitashika mpini mbele ya watu wote na jembe litaruka kutoka mkononi kama samaki. Nikaivunja. Nilipoulizwa nikasema imeanguka. Nikaanza upya, nikajenga polepole. Ningekuja wakati ule ningemkuta.

Nataka nikuambie kwa nini niliogopa, wewe hukuwa umefahamu mambo wakati huo, ulikuwa mgongoni. Baba alipokufa ndugu zake walitaka kumrithi Mama. Yeye alikuwa amebatizwa, akakataa. Wakasema vizuri, tuone nani atakulimia. Unajua kwetu kulima ni kazi ya mwanamume, mwanamke akishika jembe la kupindulia ardhi watu wanahesabu kwamba hana mtu. Mimi nilikuwa na miaka minane. Asubuhi moja majirani wakakuta matuta yamepinduliwa. Mama akawaambia, "Ni Lutengano. Anaamka mapema." Na kesho yake tena, na kesho yake. Wakaja kunishika mkono wangu wakaugeuza, wakasema mtoto huyu ana mkono. Sifa yangu yote ilianzia hapo. Mpaka leo wananisifu hivyo.

Mimi nilikuwa sijalima hata tuta moja. Nilikuwa macho, Tupokigwe. Kila alfajiri nilimsikia anafungua mlango taratibu, na wewe umefungwa mgongoni. Nilipoamka nilikuta jembe limelowa umande na miguu yake ina udongo mpaka magotini, naye anapuliza moto kama mtu aliyelala vizuri. Nilikuwa nalala tena kwa makusudi ili asijue kuwa najua. Baadaye nilipopata nguvu nililima kweli, nikalima kuliko wote, ili lile alilosema lisiwe uongo. Miaka hii yote sikumwambia. Nilingoja siku nzuri ya kumwambia. Nilikuwa nimepanga kumwambia nikija.

Alikuwa mama peke yake na alikuwa baba pia. Hakuwahi kunipiga kwa hasira, alinipiga kwa hesabu. Alipokuwa anasali alitutaja sisi kwanza, halafu adui zake, yeye mwenyewe mwisho, na mara nyingine usingizi ulimchukua kabla hajajifikia.

Na wale mbwa. Mwambie kaburini, kama watu hawapo. Walipigwa risasi, wote. Chakula kilikuwa hakitoshi. Nilijua, sikutaka kumwandikia.

Meli imesimama tena dirishani, yote, na milingoti yake. Sista ameiona. Hakusema nenda. Alikaa kitandani kwangu akaiangalia pamoja nami.

Kaka yako,
Lutengano

*

Uyole, Mbeya
18 Machi 1974

Kaka Lutengano,

Leo sianzi kwa habari za ndama. Mama yu hai.

Soma tena. Mama yu hai, yupo chumba cha pili, namsikia anapumua ninapoandika. Niliandika anaumwa sana kwa sababu alikuwa anaumwa sana. Sikuwa na neno lingine. Miguu ilikuwa imevimba, ameacha kula, naye alikuwa anakutaja. Kumbe nimekufanya uomboleze. Mungu wangu, kaka, sikufikiri! Nilikaa hapa namlaumu Ezekia, nalaumu mabasi, nakulaumu wewe, najiuliza ni mtoto gani anaitwa hivi na haji.

Barua yako mchungaji aliniletea jana baada ya ibada. Mama akasikia karatasi inafunguliwa. "Ya Lutengano hiyo. Nisomee." Nikakaa kando yake nikaanza kwa sauti, "Pole kwa kuondokewa na," nikakwama.

"Mbona umenyamaza?"

"Mama, barua hii ina makosa."

"Kaka yako hana makosa ya barua. Kuondokewa na nani?"

 Akageuza uso upande wangu, ingawa haoni. "Na mimi?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Nikadhani ataogopa, maana kusikia kifo chako kinatajwa si jambo jema kwetu.  Halafu akasema, "Soma yote, usiruke."

Nikasoma. Kaka, nimesoma ujumbe mwingi wa misiba katika maisha yangu, huo ndio wa kwanza ambao mwenyewe alikuwa ananisikiliza akiwa ameshika kikombe cha uji. Nilipofika kwenye vidole, akaweka kikombe chini. Nilipofika kwenye meli kuvunjwa, akasema "ee" kidogo tu. Nilipofika kwenye matuta na umande, akanishika goti. Akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. "Rudia tena." Mara ya tatu nilikuwa siwezi kuona maandishi, nikasema kwa kichwa.

Akasema, "Kumbe alikuwa macho."

Akarudia hilo peke yake mpaka nikaogopa. Kisha akaanza kucheka, ule wa zamani, wa tumboni. "Na mimi nilikuwa nakanyaga kwa vidole, nisimwamshe! Umande ule ulikuwa baridi, Tupokigwe. Mgongoni wewe umenikojolea. Nami nikajisema, walau mtoto amelala."

Kuhusu mkono wako amenipa maneno ya kukuandikia, nayaandika kama alivyosema: "Mwambie hivi. Mimi nilikwenda kujifungua jembe? Nilizaa mtu. Vidole viwili ndivyo vimemfungia huko nusu mwaka? Aje na vilivyobaki. Konde la chini nitampa mtu mimi mwenyewe, na atakayemcheka aje acheke hapa mlangoni kwangu nimsikie sauti." Halafu akafikiri. "Na mbwa nilijua. Meli awaachie watoto wa hapo wodini, asiibebe njia nzima itavunjika. Mwambie marehemu anamsubiri, afanye haraka, uji unapoa."

Leo asubuhi nilikwenda Posta mjini kukupigia telegramu nyingine. Karani akaniuliza maneno. Nikasema, "Andika: Mama yu hai njoo." Akaniangalia, ni mzee wa makamo yetu, Mnyakyusa wa Rungwe. Akasema, "Mama, nikiyapiga haya, huyo ndugu yako atajua mmemzika mwezi uliopita." Nikasema, basi andika: Mama hajambo. Akasema, "Hapo ndiyo ataelewa vibaya zaidi."  Maneno yote tumeyatumia kufichia, sasa hakuna lililobaki la kusema kweli. Nikarudi. Ezekia anapita Jumatano, atakuletea barua hii mkononi na kukuchukua kwenye lori, daktari akitaka asitake. Ezekia atakuapia kwa macho yake, maana atamwona Mama kabla ya kuondoka.

Namalizia kesho, taa inaniishia mafuta.

*

22 Machi, Ijumaa

Kaka yangu,

Ezekia hakuondoka Jumatano. Tulimhitaji hapa.

Kwetu neno hili haliandikwi. Mimi naliandika, kwa wino, na kalamu si mbovu. Mama amekufa. Amekufa Jumatano alfajiri, akiwa amelala ubavu, mkono wangu ukiwa chini ya shavu lake. Jana tumemzika kando ya Baba, mvua ikatuacha mpaka tulipomaliza. Usitafute maana nyingine katika maneno haya, hayana nyingine. Sikufichi pia kwamba Jumanne jioni aliuliza kama lori limesikika. Nikamwambia bado. Akasema, "Haya."

Nilikuwa na hasira na wewe mpaka nilipomwaga udongo. Labda zipo nyingine zimebaki, utazikuta ukija, tutazimaliza tukiwa tumekaa. Na wewe una zako juu yangu, najua, nilikuandikia hajambo wakati hakuwa hajambo. Matanga hatujamaliza. Kitanda nimekutandikia chumba cha Mama. Ezekia atakusubiri hata siku mbili kama daktari ana kazi ya kumaliza na kidonda, nimemwambia asikuharakishe.

Kitu kimoja tu nikuambie kabla hujafika, usije ukakisikia kwa wengine. Watu walikuwa wengi, mpaka barabarani. Mchungaji alipomaliza akauliza kama mtoto wa kiume wa marehemu, ambaye yuko mbali, ametuma neno la kusomwa kaburini. Barua yako nilikuwa nayo kifuani, ndani ya kitenge. Sikuitoa. Nikasema ndiyo, alituma, lakini halisomwi hapa. Mwenyewe alishalisikia.

Mdogo wako,
Tupokigwe